Mchunguze Mwenye Nyumba Kabla Hujalipa Kodi: Mwongozo kwa Wapangaji wa Dar es Salaam

Maswali ya kupanga yanayonifikia ni yale yale, kinachobadilika ni jina la mtaa tu. "Chumba nimekipenda, kipo Tabata, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, nilipe?" "Dalali anasema kuna mtu anakuja na hela jioni, nikichelewa nimekikosa. Nifanyeje?" Anayeuliza ameshakagua vigae, dari, choo cha ndani na dakika za kutembea hadi kituoni. Ukimuuliza mwenye nyumba anaitwa nani, anajibu "Baba Janeti." Baba Janeti nani? Hajui.

Chukua chumba na sebule kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 1,200,000. Hela hiyo unaitoa leo, na mwenye nyumba atakurudishia polepole kwa kukuacha ulale kwake mwezi hadi mwezi. Yaani umemkopesha. Hata kikoba cha mtaani hakitoi milioni moja kwa mtu ambaye wanachama hawajui jina lake la pili. Ndiyo maana mwongozo huu hausemi sana habari za chumba. Unamhusu huyo unayemkopesha.

Jambo moja la kisheria ulijue mapema, basi. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano ya watu wawili, na kinachokulinda ni maandishi ya makubaliano hayo. Ukikosea kuchagua mtu, hakuna ofisi itakayokuja kumpangia bei kwa niaba yako.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Hesabu kamili ya hela, siyo kodi peke yake. Kwa mfano wa hapo juu: kodi 1,200,000, dalali 200,000 (kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja), hela za kuonyeshwa vyumba, kirikuu ya kuhamisha vitu, kitasa kipya, na akiba kidogo ya mambo usiyoyajua.
- Namba yako ya NIDA. Unataka ya mwenye nyumba, nawe toa yako.
- Simu yenye chaji na kamera inayoeleweka.
- Mtu mmoja wa kwenda naye, ikiwezekana aliyekuzidi umri. Kuna wenye nyumba wanaobadilika sauti wakimwona mtu mzima amekaa pembeni kimya.
- Muda. Angalau siku nne au tano kati ya kukiona chumba na kukilipia.

Na kitu kimoja usiwe nacho: hela ya kodi siku ya kwanza. Iache benki au kwenye simu ya ndugu yako. Hela ikiwa mfukoni, maneno ya dalali yanapata nguvu.

Hatua ya 1: Mweke dalali mahali pake

Dalali si adui. Dar bila dalali utazunguka mpaka viatu viishe. Ila anapata chake siku utakapolipa, na kama mwenye nyumba ni msumbufu, hilo halimpunguzii kitu. Wengine wanapenda upangaji usidumu, maana ukihama utamtafuta tena.

Kabla hajakupeleka popote, kubalianeni kwa ujumbe wa simu, uandikike: hela ya kuonyeshwa ni kiasi gani, inalipwa mara moja au kila nyumba, na ya udalali inalipwa lini. Jibu sahihi la swali la mwisho ni: siku ya kukabidhiwa funguo, baada ya kusaini mkataba na mwenye nyumba mwenyewe. Uliza pia kama yeye ndiye dalali wa nyumba ile au ameletewa na mwenzake. Madalali wakiwa watatu kwenye chumba kimoja, kila mmoja ana hadithi yake na hakuna anayemjua mwenye nyumba.

Onyo: usitoe "hela ya kushikilia chumba". Huo ndio mlango mkubwa wa utapeli mjini hapa. Chumba kimoja kinashikiliwa na watu watano, kila mmoja ametoa elfu hamsini, jioni simu ya dalali haipatikani. Mwambie hivi: "Kaka, nipe namba ya mwenye nyumba au tukaonane naye. Nikishaongea naye ndiyo nitajua." Akikataa kabisa, tafuta dalali mwingine, wapo wengi kuliko vyumba.

Hatua ya 2: Kaa na mwenye nyumba, umsikilize

Lengo la kikao hiki ni kujua unaongea na nani hasa. Anayejitokeza anaweza kuwa mwenye nyumba, mke wake, mtoto wake, msimamizi, au mpangaji wa muda mrefu anayepangisha vyumba vya ziada. Wote wanaweza kuwa halali. Kosa ni kutouliza.

Salimia vizuri, kaa, usianze na kodi. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya kile chumba cha uani. Nyumba hii ni ya kwenu wenyewe, au mnasimamia?" Halafu endelea kidogo kidogo: Mmeanza kupangisha lini? Wapangaji wako wangapi? Aliyekuwa kwenye chumba hiki amehamia wapi? Kodi huwa mnapandisha baada ya muda gani? Kitasa au bomba likiharibika tunakuambia wewe au tunatengeneza wenyewe?

Sikiliza zaidi jibu la kuhusu mpangaji aliyetoka. Mwenye nyumba anayesema "alipata kazi Dodoma" amejibu. Anayeanza kumsema vibaya, kwamba alikuwa mchafu, mlevi, hana adabu, kisha akasema hivyo hivyo kuhusu aliyemtangulia, anakupa picha yake mwenyewe bila kujua.

Masharti ya nyumba yaulizwe hapa hapa: geti linafungwa saa ngapi, mgeni akilala inakuwaje, ndugu akija kukaa mwezi mzima, kuanika nguo, kupikia mkaa barazani, muziki. Mwenye nyumba anayeishi humo humo ndani ana faida yake: bomba likipasuka analiona. Ana na gharama yake: mgeni wako wa saa nne usiku anamwona pia. Ukiwa unafanya kazi za zamu, geti la saa nne ni sababu tosha ya kuondoka hata kama chumba kina vigae mpaka darini.

Hatua ya 3: Hakikisha nyumba ni yake

Hapa wengi wanaona aibu. Wanadhani kuomba karatasi ni kumtukana mtu mzima. Ipo namna ya kusema: "Baba, ofisini kwetu wanataka nipeleke nakala ya mkataba, na mwanasheria wao ameomba nione jina la mwenye nyumba kwenye karatasi yoyote ya nyumba." Kama huna ofisi, sema kaka yako ndiye anayekusaidia kodi na amekuagiza. Lawama ibebwe na mtu ambaye hayupo.

Usitegemee hati miliki kila mahali. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa kwenye viwanja ambavyo havikupimwa, kwa hiyo Manzese, Buguruni au Mbagala unaweza kuonyeshwa leseni ya makazi, au hati ya mauziano yenye mashahidi na mhuri wa serikali ya mtaa. Maeneo yaliyopimwa kama Sinza au Mbezi Beach, tarajia hati au barua ya toleo. Unachotafuta ni jina. Kisha lioanishe jina hilo na vitu vitatu: kitambulisho chake, bili ya maji ya DAWASA, na jina linalotokea kwenye simu ukitaka kumtumia hela. Jaribu kumtumia shilingi 1,000. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye namba linajitokeza. Likiwa jina la mtu mwingine, uliza kwa upole ni nani. Jibu linaweza kuwa zuri ("hiyo ya mwanangu, mimi simu hizi sizijui"), lakini mkataba na malipo lazima yarudi kwa mwenye jina la kwenye karatasi.

Kuna hali nne zinazohitaji uangalifu wa pekee.

Nyumba ya mirathi. Mzee amefariki, watoto wapo sita, mmoja wao ndiye anayekusanya kodi. Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ndiye asaini. Bila hiyo, unaweza kulipa kwa kaka mkubwa mwezi wa kwanza na dada yao akaja mwezi wa tatu akisema yeye hakuona hata senti. Nimeona wapangaji wakisuluhisha ugomvi wa urithi wa familia wasiyoijua, na hiyo ni kazi isiyo na mshahara.

Msimamizi wa nyumba. Awe na barua kutoka kwa mwenye nyumba inayosema anaruhusiwa kupangisha na kupokea kodi, au anaruhusiwa kuonyesha tu. Mpigie mwenye nyumba mwenyewe, ikiwezekana kwa video, naye ataje jina la msimamizi bila wewe kulitaja kwanza.

Mpangaji anayepangisha. Ni kawaida kwenye fleti za katikati ya mji, zikiwemo za Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye mkataba na shirika ni fulani, wewe unapangishwa na fulani. Kama hana kibali cha maandishi cha kupangisha mtu mwingine, siku shirika likija kukagua wewe ndiye mgeni.

Nyumba yenye mkopo. Uliza wazi kama imewekwa rehani. Si kosa kuwa na mkopo, ila nyumba inayopigwa mnada haimsubiri mpangaji amalize miezi yake. Karatasi yenye jina la benki iliyobandikwa ukutani au getini isome mpaka mwisho, hata kama mwenye nyumba anasema ni ya zamani.

Hatua ya 4: Pita serikali ya mtaa

Kila mtaa wa Dar una ofisi, mwenyekiti na mtendaji. Nenda asubuhi siku ya kazi. Sema unatarajia kuhamia nyumba fulani na ungependa kujua kama mwenye nyumba anafahamika. Mara nyingi hutajibiwa kwa kirefu, lakini hata ufupi una maana. "Ah, kwa mzee yule? Hamia tu" ni jibu moja. "Nyumba ile... ongea nao vizuri kwanza" ni jibu lingine kabisa. Uliza kama kuna kesi au malalamiko ya wapangaji yaliyofika ofisini. Mjumbe wa eneo naye anajua mengi, na ni rahisi kumkuta nyumbani kwake jioni.

Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu inachukua asubuhi nzima. Utakwenda tu hata hivyo baada ya kuhamia, kwa ajili ya kujiandikisha au barua ya utambulisho. Bora uende kabla.

Hatua ya 5: Ongea na wapangaji, mwenye nyumba asiwepo

Ukinibana nichague hatua moja tu kati ya zote, nitaichagua hii. Karatasi zinakuambia nyumba ni ya nani. Wapangaji wanakuambia mtu huyo yukoje saa mbili usiku choo kikifurika.

Nenda jioni watu wakirudi makazini, au Jumamosi asubuhi nguo zinapofuliwa. Usiingie ndani ya geti kama polisi. Simama dukani kwa Mangi, nunua soda, anzisha maongezi. Mangi anajua nani anahama na nani anahamia, kwa sababu wanaohama wanamlipa madeni au wanamkimbia. Vijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha karibu wanajua nyumba ambayo kila baada ya miezi mitatu wanasikia kirikuu ikipakia. Mama anayeuza vitumbua mlangoni anajua zaidi ya wote, ila mwulize mwishoni, ukishanunua.

Kwa wapangaji wenyewe, uliza mambo yenye tukio ndani yake. "Mwenye nyumba ni mzuri?" atajibiwa "ah, kawaida tu", na hiyo haikusaidii. Uliza hivi:

- Mara ya mwisho karo kujaa, nani alilipa gari la kunyonya? Mlichanga, au yeye?
- Kodi ilipanda lini, na mliambiwa muda gani kabla?
- Kuna aliyewahi kuhama kabla miezi yake haijaisha? Alirudishiwa?
- Umeme mnachangiaje? Mwenye friji na asiye na friji wanalipa sawa?
- Maji yakikatika mnafanyaje?
- Anaingia vyumbani bila kubisha? Ana funguo za akiba?
- Akichelewa mtu kodi siku kumi, inakuwaje?

Swali la kuingia vyumbani liwe la lazima kwa dada anayeishi peke yake. Ulizia wanawake wenzako, usiulizie wanaume. Ukiona mmoja anatazama chini na kubadili mada, usimlazimishe aseme. Umeshajibiwa.

Aliyehama ni bora kuliko wote, kwa kuwa hana cha kuogopa. Omba namba yake kwa wapangaji waliobaki. Atakwambia ukweli na chumvi juu. Ondoa chumvi, beba kinachobaki. Mmoja akilalamika, huenda ni ugomvi wao. Watatu wasiofahamiana wakilalamika jambo moja, jambo hilo lipo.

Hatua ya 6: Kagua LUKU na maji kama mkaguzi wa hesabu

Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga Dar ni wa umeme. Anza na swali: chumba kina mita yake ya TANESCO, kina mita ndogo ya ndani, au mnachangia mita moja?

Mita yake mwenyewe: chukua namba ya mita, nunua umeme wa hela ndogo papo hapo, usome ujumbe. Kama mita ina deni, utaona makato. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo pia inakatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo yako, kwa hiyo semeni mapema kama ataitoa kwenye kodi yako ya pango. Ni hela ndogo, lakini namna anavyojibu inakuonyesha namna atakavyojibu kwenye hela kubwa.

Mita ndogo ya ndani: uliza uniti anauza shilingi ngapi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, uniti moja pamoja na kodi na tozo zake ni kama shilingi 357. Mwenye nyumba akikuuzia 400 kwa sababu ya usumbufu, unaweza kuvumilia. Akikuuzia 600, anafanya biashara ya umeme mgongoni kwako. Na usitarajie ile bei ndogo ya watumiaji wa chini. Hiyo ni kwa mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na nyumba yenye wapangaji sita inazimaliza mapema mno.

Mita moja ya kuchangia: omba kuona orodha ya michango ya mwezi uliopita. Kama hakuna orodha na kila mwezi ni kelele, jua na wewe utakuwa kwenye kelele hizo.

Maji: fungua bomba, usiridhike na kuambiwa "yapo". Yaonje. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na mtu anaweza kukuambia kuna maji saa 24 bila kusema kwamba hayapikii chai. Ulizia kama ni DAWASA, kisima au boza, simtanki linajazwa na nani, na pampu inakula umeme wa nani. Hilo la pampu watu wanalisahau, halafu wanashangaa uniti zinakwenda wapi.

Hatua ya 7: Rudi usiku, na rudi baada ya mvua

Mchana kila mtaa una amani. Rudi saa tatu usiku usikie baa, gereji au ukumbi wa sherehe. Tembea kutoka kituoni hadi getini uone taa na vichaka.

Kama unahamia kabla ya masika ya Machi hadi Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba, uliza maji ya mvua yanapita wapi. Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, Tandale, Bonde la Mpunga kule Msasani na Boko Basihaya ni majina yanayorudi kila mvua kubwa ikinyesha. Mwenye nyumba mkweli atakuambia "maji yanafika hapa kwenye ngazi". Asiyesema, ukuta utasema: mstari wa unyevu, rangi mpya iliyopakwa chini tu mpaka kiunoni, vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali mlangoni, makochi ya jirani yaliyowekwa juu ya vitalu.

Angalia pia alama ya X ukutani, ile inayowekwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Nyumba iliyo kwenye hifadhi ya barabara, au kwenye eneo la mradi kama ule wa Bonde la Msimbazi, ina tarehe ya mwisho ambayo wewe huijui. Mwenye nyumba anaijua. Kodi ikiwa rahisi ajabu na anataka ya mwaka mzima mara moja, jiulize kwa nini ana haraka.

Hatua ya 8: Jadili miezi na masharti

Ombeni miezi mitatu kwanza. Wengi watakataa, wengine watakubali wakiona mtu aliyejipanga. Njia inayofanya kazi mara nyingi: lipa mitatu sasa, na maandishi kwamba ukikaa vizuri utaendelea kulipa mitatu mitatu kwa kodi ile ile kwa mwaka mzima. Ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo, dai kitu: punguzo la mwezi mmoja, ukarabati wa choo, au mita yako mwenyewe. Na ukilipa mwaka, kodi isipande ndani ya mwaka huo.

Masaki, Oysterbay na baadhi ya fleti za mjini walizoea kutaja kodi kwa dola. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kufanya malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mkataba wako uwe wa shilingi.

Tazama anavyopokea mabadiliko madogo. Binafsi nampenda mwenye nyumba mkali anayeandika kila kitu kuliko mpole anayesema "mwanangu, mambo ya karatasi ya nini, sisi ni ndugu". Undugu huo huwa unaisha siku ya kudai hela iliyobaki.

Hatua ya 9: Mkataba, malipo, funguo. Kwa mpangilio huo

Fomu za mkataba za kununua stationery zinafaa kuanzia, ila nyingi zimeandikwa kumlinda mwenye nyumba. Ongeza kwa mkono, nyote mweke saini pembeni ya maneno yaliyoongezwa. Yasikosekane haya: majina matatu na namba za NIDA za wote wawili, chumba kipi hasa, kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na kuisha, umeme na maji vinalipwaje, matengenezo yapi ni ya nani, notisi ya muda gani kila upande, na kodi iliyobaki inarudishwaje ukihama au ukihamishwa kabla ya muda. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi, na ndicho utakachokihitaji zaidi. Kama kuna hela ya dhamana, iandikwe ni kiasi gani na itarudi ndani ya siku ngapi.

Shahidi awe mmoja kila upande. Mhuri wa wakili au wa serikali ya mtaa si pambo. Unasaidia mbeleni ikiwa mmoja ataikana saini yake.

Lipa kwa benki au kwa simu, kwenda kwa jina lililo kwenye mkataba. Ukilazimika kutoa taslimu, risiti iandikwe hapo hapo mbele ya mashahidi. Kisha pokea funguo, piga picha kila ukuta, choo, kitasa, dirisha na mita, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa WhatsApp ukiwa na neno moja: "Nimepokea chumba kikiwa hivi." Badilisha kitasa kabla hujalala.

Mambo yakikwama

*Hataki kuonyesha karatasi yoyote.* Mwambie mkasaini serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Mwenye nyumba wa kweli anayeona aibu ya karatasi zake atakubali. Akikataa na hilo, acha chumba.

*Mwenye nyumba yuko nje ya nchi.* Simu ya video, nakala ya kitambulisho, barua ya kumteua mwakilishi, na hela iende kwenye akaunti yenye jina lake. Moja likikosekana, lipa mwezi mmoja mmoja mpaka likamilike.

*Wapangaji wanaogopa kusema.* Waache. Rudi kwa Mangi, au mtafute aliyehama.

*Umeshatoa hela ya kushikilia na umegundua kasoro.* Idai kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja kiasi, tarehe na jina. Usipige simu tu. Simu haiachi ushahidi.

*Umelipa, kumbe chumba kimelipiwa na wengine.* Nenda polisi siku hiyo hiyo ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyofungua, ukiwa na ujumbe wa malipo, namba za simu na picha za mazungumzo. Wasiliana na mtandao wako wa simu haraka kabla hela haijatolewa, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Watafute na wenzako waliolipia chumba hicho, mfungue malalamiko pamoja.

*Amepandisha kodi katikati ya mkataba au anataka kukutoa.* Usihame kwa hasira na usiache kulipa kwa hasira. Mjibu kwa maandishi ukinukuu kipengele cha mkataba. Ikishindikana, anzia serikali ya mtaa, kisha baraza la kata, ambalo kazi yake siku hizi ni kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huna hela ya wakili? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, hutoa msaada wa kisheria.

*Amefunga chumba kwa kufuli lake vitu vyako vikiwa ndani.* Usivunje. Ita mjumbe au mtendaji aje aone, piga picha, halafu nenda polisi ukiwa na mkataba na risiti. Hapo ndipo zile picha za siku ya kupokea funguo zinapofanya kazi, kwa hiyo ziwe pia kwenye simu ya mtu mwingine, siyo yako peke yako.